Somo: Kubadilisha toleo la kozi ya mtandaoni bila kuvuruga rekodi za washiriki

Ndugu wanachama, somo hili linawahusu wanaosimamia kozi kwenye Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, na mfano wetu ni kozi ya huduma za wajawazito. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mjamzito akutane na mhudumu wa afya angalau mara nane, badala ya mahudhurio manne ya awali. Kozi iliyofundisha manne haikuweza kuponywa kwa kufuta tarakimu moja, kwa sababu ratiba, maswali na vigezo vya kufaulu vyote viliguswa.

Hatua ya 1. Pima uzito wa badiliko. Jiulize kama aliyefaulu jana atamhudumia mama tofauti na atakayefaulu kesho. Kama hapana, rekebisha papo hapo na toleo lipande kutoka 2.0 hadi 2.1. Kama ndiyo, hilo ni toleo la 3.0.

Hatua ya 2. Chukua nakala rudufu yenye taarifa za washiriki, kisha uihifadhi nje ya seva.

Hatua ya 3. Kwa toleo kubwa, usiiguse kozi inayoendelea. Irudufishe bila washiriki, uipe jina lenye namba ya toleo, na uhariri humo. Vifurushi vya SCORM (masomo yaliyofungashwa kwa kiwango kinachokubalika na mifumo mingi ya kozi) ndivyo vinavyohitaji uangalifu mkubwa zaidi: faili la imsmanifest.xml hubeba vitambulisho vya kila somo, na vikibadilika, rekodi za zamani hukosa pa kushikia. Aidha, SCORM 1.2 huhifadhi mahali alipoishia mshiriki katika nafasi ya herufi 4,096 tu, kwa mpangilio unaoeleweka na kifurushi kilichouandika. Ukiweka kifurushi kipya juu yake, mshiriki aliyefika ukurasa wa kumi na mbili anaweza kutupwa ukurasa usiohusika au kurudishwa mwanzo.

Hatua ya 4. Funga usajili wa toleo la zamani na uwape walio njiani tarehe ya mwisho ya kumaliza. Lakini ikiwa kosa linahusu kipimo cha dawa, usisubiri tarehe yoyote: simamisha kozi siku hiyohiyo na uwaeleze washiriki sababu.

Hatua ya 5. Andika namba ya toleo kwenye cheti, na mwanzoni mwa kozi uorodheshe yaliyobadilika.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, wenye cheti cha 2.0 warudie kozi nzima?
Jibu: Hapana. Waandalie somo fupi la nyongeza lenye mabadiliko pekee na maswali yake. Kumrudisha muuguzi mwenye zamu za usiku kwenye yale anayoyajua ni kumpotezea muda.

Swali: Moodle inakataa nisiongeze swali kwenye jaribio. Nifute majibu yaliyopo?
Jibu: Tafadhali usifute. Inakataa kwa kuwa watu wameshajibu, na hiyo ni kinga yao. Tangu Moodle 4.0 ya mwaka 2022, benki ya maswali hutunza matoleo ya kila swali, kwa hiyo unaweza kurekebisha maneno yake na majibu ya awali yakabaki. Idadi ya maswali ikibadilika, tengeneza jaribio jipya.

Swali: Kozi mbili zenye video zilezile hazitajaza seva yetu?
Jibu: Moodle huhifadhi mara moja tu mafaili yanayofanana kabisa, hata yakitumika katika kozi kadhaa. Kinachojaza diski ni nakala rudufu, kwa sababu kila moja inaweza kubeba video zake.