Jinsi ya kuotesha mkilua kwa mbegu, bila kung'oa mche msituni

Shangazi yangu hapa Tanga hufunga vikuba vya maharusi, yaani vishada vidogo vya maua yanayonukia, na mwaka jana alinijia na kiriba mkononi, ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea miche. Ndani mlikuwa na mche wa mkilua aliouziwa, umeng'olewa msituni, majani yamejikunja kama sigara. "Mwanangu, uokoe huu. Asumini ninayo, mrihani ninao, mkadi naupata, ila kilua siku hizi nanunua ua moja moja." Mche ule haukuokoka. Tukaanza upya kwa mbegu, na leo anayo miche kumi na moja. Njia ni hii.

Kwanza ujue mti wako unatoka wapi, maana kila hatua inategemea hapo. Mkilua ni kichaka cha misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Huishi chini ya miti mikubwa, kwenye kivuli na udongo uliofunikwa majani yanayooza. Ni wa ukoo mmoja na mstafeli, mtopetope na mlangilangi. Ila mlangilangi uliletwa kutoka Asia, mkilua ni wa hapa hapa. Mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt alipouelezea kitaalamu mwaka 1970 aliuita Mkilua fragrans. Jina letu la pwani ndilo likawa jina la jenasi, na jenasi hiyo ina spishi hii moja tu.

Hatua ya 1: Tafuta matunda. Anza kwa majirani wenye mkilua uani. Ukilazimika kwenda kwenye msitu wa hifadhi, omba ruhusa kwa wasimamizi. Kwa ndugu zetu wa upande wa Kenya, kwenye kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, ruhusa ni ya wazee. Chukua matunda machache, mengine yaache. Mche usiuguse.

Hatua ya 2: Mbegu. Hapa ndipo nilipopoteza msimu mzima, kwa hiyo soma polepole.

Mara ya kwanza nilipata mbegu kama sitini. Nikaziosha, nikazianika juani kwenye ungo siku nne kama watu wanavyoanika kunde, kisha nikazisia. Haikuota hata moja. Nilipozifukua na kuzipasua, ndani zilikuwa kavu na zimesinyaa.

Kwa hiyo mbegu ya mkilua usiianike. Tunda likiiva, limenye siku hiyo hiyo, sugua nyama yote itoke kwa mchanga na maji, kisha sia siku hiyo au kesho yake. Nyama ikibaki, sisimizi na ukungu watakuja. Ukiwa safarini, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, uziweke kivulini, usizikawize zaidi ya siku chache. Friji usiitumie, huu ni mti wa joto.

Sia kwa kina cha kidole kimoja kilicholala, halafu ngoja. Sisemi wiki mbili. Kundi langu lililofaulu lilikaa wiki tisa bila dalili yoyote, na la shangazi lilianza kuchomoza wiki ya kumi na mbili, tena si kwa pamoja: mmoja leo, mwingine baada ya siku ishirini. Mbegu za ukoo huu huwa na kiini kidogo ambacho hukua kwanza ndani ya mbegu kabla ya kutoka nje. Wengi humwaga udongo mwezi wa pili wakidhani zimeoza. Usimwage. Usifukue kuangalia pia. Niliwahi kukata kijizizi kilichokuwa kimeanza kushuka.

Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Mimi namwagilia kwa kopo lililotobolewa, asubuhi tu, baada ya kuchomeka kidole. Kikitoka na udongo umeganda, siku hiyo simwagilii.

Vipandikizi vya matawi nimejaribu mara mbili, vyote vikaoza. Sivishauri.

Hatua ya 3: Kiriba. Chagua kirefu, mzizi mkuu unashuka haraka. Udongo wa juu sehemu tatu, mboji ya majani mbili, mchanga moja. Samadi mbichi hapana.

Hatua ya 4: Kivuli. Watu wananiambia ninunue neti nyeusi. Napenda makuti. Yanapitisha vijitone vya jua vinavyohamahama kutwa, kama ilivyo chini ya miti msituni, na hewa inapita. Jua la saa saba likipiga mche mchanga moja kwa moja, majani huungua kingo.

Hatua ya 5: Kuhamishia ardhini. Masika yakianza, chini ya mwembe au mti wowote wa kivuli chepesi. Tandaza majani makavu, yasiguse shina. Usifagie hapo tena.

Hatua ya 6: Kuchuma. Ua changa ni la kijani na halinuki. Liache likomae na kubadilika rangi. Kilua hujificha chini ya majani, hivyo mara nyingi utasikia harufu yake kabla hujaliona. Chuma kwa kukata kikonyo na kucha, usivute. Na kwenye kila tawi acha maua mawili matatu yafunge matunda, ili mwakani uwe na mbegu za kumpa jirani.