Kukagua picha za kiwanja cha Bagamoyo kabla hujatuma pesa

Shemeji yangu wa Chumbageni, Tanga, alitumiwa WhatsApp picha za kiwanja kilichodaiwa kuwa Kaole, Bagamoyo, karibu na ufukwe. Dalali alisisitiza zimepigwa Juni hii. Tulizikagua kwa vitu vilivyo wazi mtandaoni tu, bila kuingilia akaunti ya mtu. Njia tuliyopita ni hii, kwa yeyote aliyeko Tanga na anayetaka kununua Bagamoyo.

1. Hifadhi kwanza. Piga skrinishoti ya tangazo zima, pamoja na jina la akaunti na tarehe. Ukurasa wa kawaida uhifadhi pia kwenye Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za kurasa za mtandao. Instagram na Facebook mara nyingi hazihifadhiki vizuri humo, kwa hiyo usifute skrinishoti. Kila unachokiona kiandike daftarini, na saa uliyokiona.

2. Tafuta kwa picha. Google Lens, kisha Yandex, kisha TinEye, ambayo inaweza kukupangia matokeo kuanzia ya zamani. Igeuze picha kushoto kulia urudie, kwani matapeli hufanya hivyo. Usihangaike na taarifa zilizofichwa ndani ya faili: kwa kawaida WhatsApp huziondoa.

3. Tafuta mahali. Tumia Google Earth Pro ya kompyuta. Ni ya bure, na inakuruhusu kurudi nyuma kwenye picha za setilaiti za miaka iliyopita. Kwenye simu utajitesa bure. Linganisha mapaa, minazi na kona za barabara. Mstari wa maji usiufuate kabisa, maana wakati wa bamvua, maji yanapokupwa na kujaa sana, ufukwe uleule huonekana mpana saa hii na mwembamba saa chache baadaye.

4. Kivuli. Hapa ndipo jioni yetu nzima ilipoishia, na ndipo penye faida kubwa. Miongozo mingi imeandikwa na watu wa Ulaya, ambako kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini mwaka mzima. Huku kwetu hugeuka. Bagamoyo iko kama nyuzi 6 na nusu kusini mwa ikweta, Tanga kama nyuzi 5. Juni jua liko upande wa kaskazini tangu linapochomoza hadi linapotua, na Desemba liko kusini kutwa. Nguzo ya mita 2 iliyosimama Bagamoyo adhuhuri ya Juni hutupa kivuli cha zaidi ya mita moja kuelekea kusini. Desemba ni kama sentimita 60, kuelekea kaskazini.

Kwa hiyo kwa Juni huhitaji hata kujua saa ya picha. Unachohitaji ni kujua kaskazini ya picha iko wapi, na hiyo unaipata kwa kuoanisha uzio au barabara na ulichokiona hatua ya 3. Kama hukupata mahali, simama hapo, usibahatishe. Chagua nguzo iliyo wima, katikati ya picha, kwa sababu kamera ya simu hupindisha vitu vya pembeni. Mteremko hurefusha au kufupisha kivuli, basi amini mwelekeo kuliko urefu. Wiki za Machi, na zile za mwisho wa Septemba hadi mapema Oktoba, achana na njia hii: jua huweza kuanza siku upande mmoja na kupita adhuhuri upande mwingine.

Ukitaka kukadiria saa pia, fungua SunCalc, tovuti inayoonyesha jua liko upande gani kwa tarehe na saa unayotaka. Kumbuka jua la Bagamoyo halifiki kati saa sita kamili. Mwanzoni mwa Novemba ni kama saa sita na dakika 8, katikati ya Februari kama saa sita na dakika 38.

Vivuli vya nguzo za shemeji vyote vililala kaskazini. Hiyo si picha ya Juni. Haithibitishi kwamba kiwanja ni cha uongo. Inathibitisha kwamba alichoambiwa kuhusu tarehe si kweli, na nilimwambia hivyo hivyo, bila kuongeza.

5. Muuzaji. Akidai ni kampuni, itafute kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara. Ishia kwenye mambo ya biashara. Familia yake na makazi yake havikuhusu, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Usiisambaze namba yake kwenye magrupu.

6. Ardhi. Omba namba ya kiwanja na kitalu, ukafanye upekuzi rasmi wa hati kwa msajili, kisha uulize serikali ya mtaa wa pale. Akikataa kutoa namba, usitume hata pesa ya kishika nafasi.