Kuosha maganda ya risasi yaliyopigwa kwa baruti nyeusi

Jumapili iliyopita kijana mmoja wa Tanga, tunayeishi naye mji mmoja hapa Ohio, alinijia na mfuko wa maganda 40 ya risasi za kipimo cha .45-70. Aliyapiga wiki mbili nyuma kwa bunduki yake ya Sharps (nakala ya kiwandani, si ya kale), akayafunga kwenye plastiki, akayasahau ndani ya gari. Meusi, yana kutu ya kijani mdomoni, yananuka yai viza. "Shikamoo kaka, haya bado yanafaa kujazwa tena?" Tulishinda nayo mpaka magharibi. Naandika haya ili nisirudie maelezo yaleyale kwa mwingine.

Anayepiga baruti ya kisasa anaweza kuyaacha maganda yake mwezi mzima, asione tofauti. Baruti nyeusi ni shura, makaa na kiberiti, kwa kawaida 75, 15 na 10 katika kila mia. Zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa ikiungua. Ni masizi na chumvichumvi: nyingine huruka na ule moshi mzito, nyingine hubaki ndani ya ganda, na zinavuta unyevu kama chumvi ya mawe siku ya masika. Hapo ndipo shaba inapoanza kuliwa.

Hatua ya 1: Uwanjani, si nyumbani

Beba kopo la plastiki lenye mdomo mpana na kifuniko kinachobana. Maji nusu, tone la sabuni ya vyombo. Ganda likitoka kwenye bunduki, litumbukize. Ukifanya hili tu, nusu ya kazi imekwisha. (Wenzetu wa magobore kule nyumbani hawana tabu hii, gobore halina ganda la kuokota.)

Hatua ya 2: Ng'oa fataki

Jioni hiyohiyo. Fataki ni kile kidude cha kwenye kitako cha ganda kinachowasha baruti. Kifaa cha mkono kinatosha. Fataki ikibaki, maji hukwama chini yake na kile kitundu inamokaa hakitatakata kabisa. Hakikisha kila ganda limepigwa kweli kabla hujaligusa kwa kifaa.

Hatua ya 3: Maji ya moto

Sabuni, brashi ya chupa ya kipimo cha ganda, suuza mara tatu. Kitundu cha fataki kisugue kwa kijiti chenye pamba. Vaa glavu, maana fataki nyingi zina risasi, yaani ile madini yenye sumu. Na beseni la kazi hii lisirudi jikoni, hata likioshwa vipi.

Hatua ya 4: Asidi, na hapa ndipo nilipoharibu

Bibi yangu Pangani alikuwa akisugua dele la kahawa kwa ndimu na majivu mpaka liwake. Basi mwaka wangu wa kwanza nikajiambia, shaba ni shaba. Sikuwa na ndimu za kutosha, nikachukua siki, nikaloweka maganda 60, nikaenda kulala. Asubuhi niliyakuta yana rangi ya fizi. Niliyasugua siku nzima nikidhani ni uchafu mpya. Haukuwa uchafu. Ganda la risasi ni shaba nyekundu kama asilimia 70 na zinki asilimia 30. Asidi ikikaa muda mrefu huitoa zinki na kuiacha shaba peke yake, dhaifu, yenye vinyweleo. Maganda yote 60 yalikwenda kwa mnunua chuma chakavu, na siku hizo yalikuwa adimu.

Alichokuwa anakijua bibi, nami sikukiona, ni kwamba alisugua akasuuza papo hapo. Kinachoua ni muda.

Sasa natumia asidi ya sitriki ya unga, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji ya moto. Dakika 5 kwa maganda yaliyooshwa siku ileile, 10 kwa yaliyolala. Simama hapo hapo. Usiende kupokea simu. Kisha suuza kwa maji mengi, ndani na nje. Weusi unaobaki baada ya hapo ni rangi tu, hauna madhara, usiurudishie asidi. Wekundu mwepesi wa juujuu huondoka kwenye hatua ya 5, lakini ukiwa umezama, ganda hilo si la kupigia tena. Majivu ya bibi waachie madele, yanakwaruza.

Jambo jingine la hapahapa: amonia, hapana. Imo kwenye baadhi ya dawa za kung'arishia shaba na za kusafishia vioo, kwa hiyo soma lebo. Shaba ya ganda imevutwa kiwandani, ina mkazo ndani yake, na amonia huipasua taratibu bila kuonekana. Waingereza waliliona hili India: risasi zilizohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi zilipasuka msimu wa mvua, na chanzo kikaja kujulikana kuwa ni amonia ya mikojo. Mimi nilikuwa na chupa ya dawa ya vioo pale pale kwenye meza ya kazi. Niliihamishia bafuni.

Hatua ya 5: Kuzungusha

Mashine ya pipa, maji, tone la sabuni, vipande vya kauri, saa mbili. Wengi wanasifu sindano za chuma kisichoshika kutu. Mimi nimezichomoa vya kutosha kwenye tundu la moto, lile dogo linalopitisha cheche ya fataki, sitaki tena. Ukizitumia, chungulia kila ganda moja moja. Kuzungusha kwa maganda makavu ya kokwa za jozi yaliyosagwa sihesabu kuwa ni kusafisha: yanang'arisha nje, masizi yanabaki ndani, na vumbi lake lina risasi.

Hatua ya 6: Kukausha

Mdomo chini juu ya taulo saa moja, kisha mdomo juu mbele ya feni usiku kucha. Jua la kiangazi ni bora zaidi. Usitumie moto wa gesi, ganda likipata joto kali kwenye kitako linalainika na kuwa hatari. Unyevu hujificha kwenye kitundu cha fataki, pulizia humo.

Hatua ya 7: Kukagua

Tafuta ufa mdomoni. Kisha chukua waya mwembamba uliopindwa ncha, upitishe ndani karibu na kitako. Ukikwama kwenye mfereji, ukuta umeanza kukatika. Ganda bovu libinye mdomo kwa koleo kabla ya kulitupa, lisije likarudi kwenye kopo. Yule kijana wa Tanga alibinya saba.