Namna ya kupima wimbi la theta mchezaji wa bao anapopanga mtaji

Mchezaji wa bao anapopanga mtaji, yaani hatua ya kula kete za mpinzani, akiyatazama mashimo 32 na kukokotoa kimoyomoyo kete zitakapoishia, wimbi la theta, yaani wimbi la umeme wa ubongo lenye mizunguko 4 hadi 8 kwa sekunde, kwa kawaida huongezeka nguvu kwenye mstari wa kati wa sehemu ya mbele ya kichwa. Wimbi hilohilo hupanda pia mtu anapojizuia kutenda au anapogundua kuwa amekosea. Kwa mwanafunzi wa Tabora aliyeazima mashine ya EEG, yaani ya kupima umeme wa ubongo, bao la chini ya mwembe linatosha kulionyesha, ili mradi mchezaji ameridhia kupimwa.

Pima kwa futikamba kutoka kishimo cha juu ya pua hadi kinundu cha kisogoni. Asilimia 30 ya urefu huo, kuanzia puani, ndipo ilipo nukta iitwayo Fz. Ukipata sentimita 36, weka alama kwenye 10.8. Mchezaji aliyesuka twende kilioni si tatizo, mradi msusi ameacha njia ya ngozi katikati, ambako jeli na elektrodi (kihisio cha umeme) vitagusa kichwa bila kuzuiwa na nywele. Elektrodi ya rejea hukaa kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Tumia betri na uchomoe chaja, kwa sababu umeme wa nyumbani huingiza mtetemo wa mizunguko 50 kwa sekunde.

Kazi yenyewe iko katika kulinganisha, na hapa ndipo wengi huharakisha. Panga kete, kisha mwambie mchezaji atafute mtaji utakaokula nyingi zaidi, asiguse kitu hadi kengele ilie baada ya sekunde 10. Zamu nyingine mwonyeshe shimo la kuanzia, naye asubiri muda uleule. Changanya zamu hizo mara nyingi, maana zamu moja haithibitishi lolote.

Kabla ya kuanza, mwombe apepese macho makusudi ili uijue alama yake: mpepeso huweza kuzidi mikrovolti 100, ukaingia ndani ya theta na kuonekana kama fikra. Vipande vyenye alama hiyo viondoe.

Theta ikipanda sawa katika zamu zote, yaelekea mchezaji anaendelea kuhesabu hata baada ya kuonyeshwa shimo, jambo la kawaida kwa wazoefu. Basi mwonyeshe shimo ambalo kete zake hulala papo hapo, yaani huishia kwenye shimo tupu.