Rafiki yenu yuko gerezani na muda wa parole umekaribia? Hivi ndo mnavyoweza kumsaidia

Watu wengi wakisikia jamaa yao anaweza kutoka kwa parole, yaani kumalizia kifungo chake nyumbani kwa masharti, kitu cha kwanza ni kutafuta mkubwa wa kumpigia simu, mara kuna mtu yuko wizarani, mara kuna mjomba wa fulani ni askari magereza, mwisho wanachangishana hela ya kumpa mtu ambaye hata jina la mfungwa halijui. Jamani, hela hiyo itunzeni, itahitajika. Kazi kubwa ya marafiki iko kule mtaani au kijijini anakotarajia kurudi, kwa sababu bodi ya parole kabla haijamruhusu inataka kujua atapokelewa na nani na watu wa kule wanasemaje.

Kwanza hakikisheni anaingia kwenye sifa. Naongelea Tanzania Bara, ambako kuna Sheria ya Bodi za Parole Na. 25 ya 1994, iliyofanyiwa marekebisho 2002. Awe anatumikia kifungo cha miaka 4 au zaidi, awe ameshamaliza theluthi moja, na awe na tabia nzuri huko ndani. Kifungo cha maisha hakimo, na kuna makosa yaliyoondolewa kabisa kama unyang'anyi wa kutumia silaha, dawa za kulevya na ubakaji. Piga hesabu hivi, mtu kafungwa miaka 9, theluthi yake ni miaka 3, na ule msamaha wa kawaida wa gerezani wa theluthi (si ule wa Rais) ukimpunguzia miaka 3 angetoka baada ya miaka 6. Kwa hiyo parole inamgusa hapo katikati, kati ya mwaka wa 3 na wa 6, na kila mwezi mnaochelewa kujipanga nyie nje yeye anaukaa ndani.

Wengi wanachanganya na msamaha wa Rais, ule unaotangazwa sikukuu kama ya Muungano 26 Aprili au Uhuru 9 Desemba. Ule ni mamlaka ya Rais mwenyewe kwa Katiba, ibara ya 45, na hamna cha kuandaa. Parole ina safari yake: gereza linaanza na taarifa za mfungwa, zinaenda bodi ya mkoa, halafu Bodi ya Taifa ya Parole (ile aliyowahi kuiongoza marehemu Augustino Mrema), kisha Waziri wa Mambo ya Ndani. Ndo maana nasema anzeni mapema.

Siku mkienda kumwona, awe Ukonga, Butimba, Karanga au popote, msiishie kwenye salamu na sabuni. Muulizeni kama jina lake limeshaanza kushughulikiwa, kama ana kosa lolote la nidhamu, kafundishwa kazi gani huko, na akitoka anataka kuishi wapi. Hili la mwisho msimjibie nyie. Kuna mtu ndugu zake wanamtaka arudi kijijini na yeye anajua kabisa kijijini pale ndo kuna watu wenye hasira naye, sasa mkimwandalia kwenu bila kumsikiliza mnamtengenezea matatizo. Kama kuna afisa ustawi wa jamii pale gerezani ombeni kuongea naye kwa heshima, muulizeni familia inatakiwa ilete nini.

Baada ya hapo kaeni kikao na familia. Nasema na familia kwa sababu marafiki mkijifanya mnajua zaidi ya mama yake mzazi mtaharibu mapema sana. Chagueni mtu mmoja wa kuongea kwa niaba ya wote, akiwa mtu mzima anayeheshimika ni vizuri zaidi, halafu mgawane: nani anatoa chumba, nani anatoa kazi, nani atakuwa karibu naye miezi ya mwanzo. Na iwe kweli. Kama chumba hakina mlango, mlango uwekwe sasa hivi, maana akija mtu kuulizia mazingira anaona kwa macho yake.

Barua za marafiki zinasaidia kama zina kitu ndani yake. "Ni mtu mzuri sana, tunaomba mumwachie" haimsaidii mtu. Andikeni kama hivi:

"Mimi ni fundi wa kuchomelea, nina karakana yangu na vijana wawili. Namfahamu tangu tukiwa shule ya msingi. Najua kosa alilofungiwa na najua aliyeumizwa. Akiruhusiwa nitampa kazi karakana kwangu kwa malipo ya kila wiki, atalala chumba cha uani kwangu, na mke wangu amekubali. Namba yangu ya simu ni hii, na mwenyekiti wa mtaa ananifahamu."

Ile sentensi ya kosa msiiruke. Barua inayosema kaonewa, hakimu alikula rushwa, mashahidi waongo, haina kazi kwenye parole hata kama mnaamini hivyo kwa moyo wote, njia ya hayo ni rufaa. Hapa kinachoangaliwa ni kama huyu mtu akirudi leo jamii itakuwa salama.

Sasa lile gumu, upande wa aliyekosewa. Maoni yao yana uzito na ni haki yao kabisa. Msiende kundi zima, msiende usiku, na msiende na bahasha mkononi, itaonekana mmekuja kuwanunua. Mtumeni mzee mmoja au kiongozi wa dini ambaye nyumba zote mbili zinamheshimu, aende kusikiliza kwanza na kuomba radhi. Huenda baba mwenye nyumba akasema "mwanangu bado anachechemea mpaka leo, nyie mnataka nini?" Hapo hakuna hoja ya kujibu, ni kusema pole baba, tumekusikia, na kuondoka. Wakitaka mtu mwingine arudi kuongea nao watasema, wasipotaka waacheni, kuwashinikiza ni kuwaumiza mara ya pili na taarifa itafika kulikohusika.

Mtendaji wa kijiji au mtaa na mwenyekiti nao waelezeni mapema, wao ndo wataulizwa. Mtendaji akisikia habari za huyu mtu kwa mara ya kwanza kutoka kwa afisa aliyekuja na faili atajibu kwa tahadhari, na huwezi kumlaumu.

Akitokea mtu anasema tuma laki tano jina lipite, msitume. Andikeni namba yake, muipeleke kwa mkuu wa gereza au TAKUKURU.

Jina likikubaliwa bado anatumikia kifungo, ila anakitumikia nyumbani kwa masharti. Akiyavunja anarudishwa ndani. Basi marafiki yasomeni yale masharti pamoja naye, mjue anatakiwa kuripoti wapi na lini, siku ya kuripoti mtu amsindikize au ampe nauli. Na ukiwa na harusi mkoa mwingine usimwambie "njoo tu kaka, siku mbili hakuna atakayejua", kamuulizie ruhusa kwanza kwa afisa anayemsimamia, na akikataa mpelekee pilau siku ukirudi.