Kuingia London kwa Chombo: Jinsi ya Kupanda Mto Thames kwa Kufuata Maji

Nahodha aliyezoea kuingia Mombasa au Dar es Salaam anajua bamvua (siku za maji makubwa) na maji mafu (siku za maji madogo), na ujuzi huo utamfaa sana kwenye Mto Thames, ila itambidi abadili vipimo. Kwetu bamvua kali huyapandisha maji kwa karibu meta 4. Katikati ya London, mbali kabisa na bahari, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa hukaribia meta 7, na maji yote hayo hupita kati ya kuta za mawe na chini ya madaraja, yakitumiwa kwa wakati mmoja na feri za abiria, boti za watalii na matishari (mashua bapa za mizigo) ya taka. Maelezo yafuatayo ni kwa mwenye boti, iwe ndogo au ya kifahari, anayetoka Gravesend, mji ulio upande wa bahari wa London, kwenda kulala St Katharine Docks, bandari ndogo iliyo chini kidogo ya Tower Bridge.

Safari hii hupangwa kuanzia mwisho wake. St Katharine Docks huingiwa kwa kupitia loki, yaani chumba cha maji chenye milango pande mbili, na loki hiyo hufanya kazi takribani kuanzia saa mbili kabla ya maji kujaa London Bridge hadi saa moja na nusu baadaye. Tuseme maji yatajaa saa 8:00 mchana. Muda wako wa kuingia basi ni kati ya saa 6:00 na saa 9:30. Kutoka Gravesend ni kama maili 22 za baharini. Boti inayokwenda noti 6 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa), ikisaidiwa na mkondo wa noti 2, itatumia saa mbili na dakika 45, kwa hiyo ukiondoka saa 4:00 asubuhi utafika saa 6:45, ukiwa na akiba ya kutosha iwapo utacheleweshwa njiani. Kilele cha maji hupita Southend, mdomoni mwa mto, zaidi ya saa moja kabla ya kufika London Bridge, na kwa sababu hiyo anayepanda mto husafiri pamoja nacho na kubebwa kwa muda mrefu, ilhali anayeshuka hupishana nacho na msaada wake huisha mapema.

Hakikisha pia jedwali lako la maji linatumia saa ipi. Mengine huandikwa kwa saa ya Greenwich, na wakati wa kiangazi Waingereza huisogeza saa yao mbele. Mwaka wangu wa kwanza nilisahau kuongeza saa hiyo moja, nikafika mbele ya loki ikiwa bado imefungwa. Mkondo ulikuwa ukipanda kwa nguvu na kunisukuma kuelekea Tower Bridge, na nilichoweza kufanya ni kuigeuza omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, ielekee chini ya mto na kutia mashine mwendo mdogo tu, chombo kikabaki palepale huku maji yakikipita ubavuni kama kwamba tunasafiri. Tangu siku hiyo kwanza huchunguza maboya ya kusubiria yako wapi na kuuliza kwa redio kama yana nafasi, kisha ndipo ninapong'oa nanga.

Redio ya VHF haizimwi safari nzima. Ukiwa Gravesend sikiliza chaneli 68. Ukifika Crayfordness, njiani kati ya Gravesend na London, hamia chaneli 14, ambayo ndiyo ya kituo cha kuongoza vyombo, London VTS, hadi Teddington ambako maji ya kupwa na kujaa huishia. Kituo hicho kiko chini ya Port of London Authority, mamlaka iliyoundwa mwaka 1909. Mwenye boti ndogo halazimiki kuzungumza kila mara, lakini kusikiliza kutamjulisha kwamba tagi inayovuta matishari inakuja kwenye kona asiyoiona.

Kizuizi cha kwanza ni Thames Barrier, milango mikubwa ya kuzuia mafuriko iliyozinduliwa mwaka 1984 huko Woolwich. Njia zake nne kuu zina upana wa meta 61 kila moja, lakini usichague yoyote kwa kupenda: mishale ya kijani huonyesha njia iliyo wazi, na misalaba myekundu huonyesha iliyofungwa. Mwenye tanga alishushe na apite kwa mashine. Milango hiyo pia hufungwa kwa majaribio, kwa hiyo soma matangazo ya mabaharia siku moja kabla.

Baada ya hapo mto husongamana. Kaa upande wako wa kulia, wala usikatize mbele ya chombo kikubwa kwa kudhani kitapunguza mwendo. Tagi yenye matishari nyuma yake, ikisukumwa na mkondo, haina uwezo wa kusimama. Kasi ya mwisho ni noti 12 kati ya Margaretness (kona ya mto chini ya Thames Barrier) na Wandsworth Bridge, na noti 8 juu ya hapo. Feri za kasi zilizopewa kibali huzidi kiwango hicho sehemu za chini, na mawimbi yake hayafi upesi. Kuta za kando ya mto, kama ile ya Victoria Embankment iliyokamilika mwaka 1870, ziliubana mto, hivyo wimbi hugonga ukuta na kurudi kukutana na jingine. Funga kila kitu kilicho legelege jikoni, vaa jaketi la kuokolea, na uyapokee mawimbi kwa omo, si kwa ubavu. Usiku wa tarehe 20 Agosti 1989 boti ya starehe Marchioness iligongana na meli ya kuchota mchanga, Bowbelle, karibu na Cannon Street, watu 51 wakafa. Taratibu nyingi za usalama za mto huu zina kumbukumbu ya usiku huo ndani yake.

Madaraja ndiyo yanayowachanganya wageni, kwa sababu maji yaleyale yanayoinua mkuku wako, yaani uti wa chini wa chombo, kutoka kwenye matope ndiyo yanayosogeza mlingoti wako karibu na chuma. Daraja la Westminster huacha nafasi ya meta 5.4 hivi wakati wa maji makubwa ya bamvua. Maji yakishuka kwa meta 3, nafasi huwa meta 8.4. Pima urefu wa chombo kutoka usawa wa maji hadi ncha ya antena, usikadirie, kisha ongeza akiba kwa ajili ya mawimbi. Taa mbili za rangi ya machungwa juu ya tao humaanisha njia inayopendekezwa. Alama tatu nyekundu zilizopangwa kwa umbo la pembetatu humaanisha tao limefungwa. Ukiona fungu la majani makavu linaning'inia katikati ya tao, usicheke: ni alama ya zamani ambayo bado ni sheria, nayo husema kwamba nafasi imepunguzwa, pengine na jukwaa la mafundi. Taa nyeupe inayowaka na kuzima darajani hutahadharisha kwamba chombo kikubwa kinakaribia.

Chombo chenye mlingoti au ghorofa ya meta 9 au zaidi kinaweza kuomba Tower Bridge ifunguliwe. Ombi hutolewa kwa maandishi angalau saa 24 kabla, na hakuna malipo. Magari ndiyo yanayosubiri. Anayeishia St Katharine Docks haihitaji huduma hiyo, kwa kuwa hafiki darajani.

Boti kubwa ya kifahari ina mambo yake. Yenye urefu unaozidi meta 40 lazima iwe na mtambo wa AIS, unaotangaza wenyewe jina la chombo na mahali kilipo, na itoe taarifa kwa kituo. Kulingana na urefu na mahali, rubani wa mto naye anaweza kuwa wa lazima, kwa hiyo wakala wako auulizie mapema. Ghorofa zake ndefu hushika upepo kama tanga, na mkondo wa noti 3 au 4 kwenye nguzo za daraja huvuta tezi (sehemu ya nyuma) kando upesi. Kama unapanda na mkondo, geuka kwanza ndipo ufunge gati ukiukabili, maana usukani hutii pale tu maji yanapoupita. Kabla ya kugeuka, piga honi fupi nne, kisha moja kama unageukia kulia au mbili kama ni kushoto. Dafrao, yaani mito ya kukinga ubavu wa chombo, ziwe tayari pande zote mbili, na mtu asimame karibu na nanga, ingawa haitupwi juu ya mahandaki ya Rotherhithe na Blackwall.

Ukitaka kuendelea hadi Putney na juu zaidi, tarajia wapiga makasia wanaovuka upande wakati mkondo unapobadilika, na Daraja la Hammersmith lenye nafasi ya meta 3.7 tu kwenye maji ya bamvua. Huko nenda polepole kuliko sheria inavyotaka.

Kurudi hupangwa kwa njia hiyohiyo. Toka lokini maji yakikaribia kilele, ushuke na kupwa, na utazame upepo: ukivuma kutoka mashariki dhidi ya maji yanayotoka, sehemu pana za chini ya Gravesend huchafuka vibaya, na ni heri kulala Gravesend hadi upepo utulie.