Neno na mkia wake: namna ya kujua kihusishi gani kinafuata kwenye kiingereza

Jamani leo nataka tuzungumze hivi vineno vidogo vya kiingereza vinavyoitwa vihusishi, in, on, at, for, to, of, mana'ke naona vinatutesa wengi huku kwetu, na zaidi sie tunaofanya kazi na wageni. Neno kubwa unalijua vizuri tu, lakini ukifika kwenye kile kinachofuata unasita, unabahatisha, afu unaendelea hujui umepatia au umekosea.

Mie nilibahatisha siku moja begi la mtu likakaribia kupotea. Nilikuwa ndo kwanza naanza kazi ya kuwapokea wageni pale bandarini Malindi, Unguja, mama mmoja wa kizungu anasubiri boti ya Dar akanambia "Can you look after my bag?" Sasa mie look naijua ni tazama, after naijua ni baada ya, nikaunganisha nikapata kwamba begi nilitazame baadae. Nikamjibu yes, yeye kenda zake chooni na mie nikenda kununua maji. Narudi, begi hamna, hamali kalipakia kwenye mkokoteni pamoja na mabegi ya kikundi chengine na yashafika kwenye ngazi ya boti. Nilikimbia nikalipata, lakini yule mama nilimkuta anatetemeka mikono kwa sababu dawa zake zote zilikuwa mle ndani. Kumbe look after ni kuangalia kitu kisipotee, look for ni kutafuta, look at ndo kutazama. Look ile ile moja, kilichobadilika ni mkia tu, na maana yote imehama.

Kwa hivyo la kwanza acha kabisa kutafsiri kihusishi peke yake. Kiswahili chetu hakivitoi nje vineno hivi kama kiingereza, chenyewe kinavificha. Angalia -ni, sie tunasema mezani, mfukoni, Darajani, yote ni -ni moja, mwingereza hapo anakutaka on the table, in my pocket, at Darajani. Na kwa ndo balaa zaidi: nimekwenda Wete kwa boti ni by boat, nimekata kwa kisu ni with a knife, nipo kwa mama ni at my mum's, Pemba maarufu kwa karafuu ni famous for cloves, hodari kwa hesabu ni good at maths. Kwa moja, mifano mitano, vihusishi vinne tofauti, sasa ukijifunza kwamba kwa ni "for" utakosea mara nne katika tano hizo.

Lakini ipo alama moja mie inanisaidia sana na sijui kwa nini skuli hatukuambiwa. Kiswahili mara nyingi kihusishi kinakaa ndani ya kitenzi, kwenye ile -ia na -ea ya mwisho. Andika ni write, andikia ni write to. Omba dua ni pray, ombea ni pray for. Zungumza ni talk, zungumzia ni talk about. Pigana ni fight, pigania ni fight for. Na nzuri kuliko zote ni lipa na lipia: mlipe dereva ni pay the driver, hapana kitu katikati, lakini lipia gari ni pay for the taxi, yani mtu unamlipa na kitu unakilipia, sawasawa na kiswahili. Kwa hivyo ukiona kitenzi chako kimevaa -ia au -ea simama kidogo ujiulize mkia gani unatakiwa upande wa pili. Sio sheria lakini, saidia ni help tu na ambia ni tell tu, tell me, usiseme tell to me. Explain ndo kinyume, sie tunasema nieleze kwa hivyo watu wanaandika explain me, hapo lazma explain to me, explain it to me.

Na jihadhari na vile vitenzi ambavyo kiswahili chake hakionyeshi kitu kabisa. Nakungoja, ile -ku- imebeba kila kitu, kwa hivyo ni rahisi kuandika I am waiting you, inatakiwa waiting for you. Nakusikiliza ni listening to you. Inategemea hali ya hewa, it depends on the weather. Kaolewa na Mpemba watu wengi wanaandika married with kwa sababu ya ile na, lakini ni married to.

Upande wa pili yapo maneno yanayokwenda wazi bila mkia na sie tunayapachikia. Discuss about, enter into the room, contact with me, reach to Chake Chake, yote hayo makosa, ni discuss the price, enter the room, contact me, reach Chake Chake. Ila hapa pana kitu inafaa ukijue, neno lile lile likigeuka jina, yani nomino, mkia unarudi: tuna-discuss the price lakini tuna a discussion about the price, una-visit Pemba lakini a visit to Pemba, una-answer the question lakini the answer to the question, una-request a room lakini a request for a room. Hili mie lilinichukua miaka kulishtukia.

Maneno mengine mkia unategemea nini kinafuata. Kazi una-apply for, hoteli una-apply to. Una-agree with mtu, una-agree on bei. Unafika, arrive in kwa mji au nchi, arrive in Zanzibar, arrive at kwa pahala maalum, arrive at the port, na nyumbani hapana kitu, arrive home. Arrive to usiandike.

Vyombo vya safari navyo wepesi tu, kile unachoweza kusimama na kutembea ndani yake ni on, on the ferry, on the plane, on the bus, na daladala pia on the daladala hata kama umekunja mgongo, kile unachoingia ukakaa tu ni in, in the taxi, in a canoe. Baskeli na pikipiki ni on kwa sababu unapanda juu.

Ukiwa na shaka fungua kamusi ya wanaojifunza kiingereza, zipo za bure kwenye intaneti, sio ile ya kiingereza kwa kiswahili, mana'ke zile za wanaojifunza zinakuandikia neno na kihusishi chake kwa wino mzito na chini wanakupa sentensi. Afu usinakili depend peke yake kwenye daftari, nakili depend on na sentensi yako mwenyewe ya kwako huko, It depends on the tide, kwa sababu sentensi ya maji kujaa na kupwa utaikumbuka na ya kitabuni utaisahau. Ukikuta watu wanatofautiana usibabaike, different to wanasema Uingereza, different than utaisikia zaidi Marekani, wewe shika different from, inakubalika kote.

Na imeli zenu za kuwaaga wageni nawaomba, baada ya kihusishi kitenzi kinakwenda na -ing. Thank you for staying with us. Na ile to ya look forward to ni kihusishi kama vihusishi vyengine, kwa hivyo ni I look forward to seeing you again, sio to see you.